Gari Lililosubiri Penalti

Mume wangu anakata roho, watu zaidi ya mia wanashangilia.

Sisemi mafumbo. Nilikuwa nimesimama pale pale uani, kanga kiunoni, rozari mkononi. Walikuwa wanaishangilia Madagaska.

Najua wapo watakaosema mama huyu ametunga. Sawa. Njooni Mgeta huku milimani, mumuulizie mjane wa Laurenti, mtaonyeshwa nyumba. Mkifika nitawachemshia njegere na nitawasimulia haya haya.

Ilikuwa Ijumaa, Agosti ya 2025, yale mashindano ya Afrika yaliyoandaliwa na nchi tatu jirani: sisi, Kenya na Uganda. Imefika robo fainali. Kenya wanacheza na Madagaska jioni, sisi tunafuata baada yao.

Laurenti alikuwa na ngiri ya miaka. Asubuhi ile alijitwisha tenga la kabichi kuteremka nalo barabarani, likamshinda njiani. Mchana ngiri ikajikaba. Tumbo gumu kama jiwe la kusagia. Anatapika kijani.

Nesi wa zahanati yetu, Scholastika, alimgusa mara moja tu akaondoa mkono.

"Mama Devotha, hapa sina langu. Huyu ni wa kupasuliwa. Afike mjini leo, jua lisizame."

"Na likizama?"

Alibaki anakunja mkono wa koti lake, anakunjua, anakunja.

Kwenye bodaboda asingeweza kukaa. Magari ya mboga yalishateremka tangu alfajiri. Kijiji kizima likabaki gari moja: Land Rover ya shemeji yangu Wilfred.

Wilfred ni mdogo wake Laurenti, tumbo moja. Udereva wenyewe alijifunza baada ya Laurenti kuuza mbuzi wake mwenyewe amlipie ada.

Nikapanda mbio kwa Wilfred. Nikakuta kijiji kimehamia uani kwake.

Umeme ulikuwa umekatika, lakini Wilfred hakosi njia. Alikuwa ameichomoa betri ya gari, ameiunganisha na inveta, na tivii kubwa inang'aa juu ya meza. Getini kiingilio. Mkewe Eufrazia anapitisha chai na maandazi.

"Shikamoo shemeji," Wilfred akasema. Macho yako kwenye mpira.

"Marahaba. Kaka yako anakufa. Toa gari."

"Gari si hilo hapo? Betri ndiyo unaiona, iko kazini." Akacheka. "Mpira umebaki kidogo. Ukiisha tu naichomeka, tunaondoka."

"Wilfred."

"Shemeji, hawa watu wamelipa."

Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Oya mama, unatuziba!"

Mwingine akadakia: "Kaa kwa kutulia mama, leo hao nyang'au Wakenya wanafia nyumbani kwao!"

Hata haikuwa timu yetu, jamani. Yetu ilikuwa bado. Watu wameacha kumwagilia vitalu, wamebanana kwenye mabenchi, kisa wamwone jirani akianguka. Nchi tatu zimealika wageni kwa mkono mmoja, na watu wangu wanaomba wageni wampige mwenyeji mwenzao.

Benchi la mbele alikaa Mzee Jonathan, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Kila wiki tunasali naye, nyumba kwa nyumba. Nikampigia magoti.

"Baba, waambie. Wewe watakusikia."

Akanishika bega taratibu. Nikadhani ananiinua.

Alikuwa ananisogeza, nimemkingia tivii.

"Vumilia, Mama Devotha. Mungu hachelewi."

Nikashuka nyumbani. Laurenti akafumbua jicho.

"Wilfred anakuja?"

"Anakuja."

"Nilijua," akasema. "Yule hawezi kuniacha."

Nikaanza rozari, matendo ya uchungu. Tendo la pili likanishinda, nikapanda tena.

Nilifika dakika tisini zinakwisha. Sare.

"Haya," nikasema. "Umeisha."

Wilfred akanyoosha mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. "Zimeongezwa thelathini, shemeji. Kwani mimi ndiye refa?"

Uani wakaangua kicheko. Yupo mmoja ambaye mkewe alipojifungua nilimkanda kwa mikono yangu hii, siku saba. Huyo alicheka mpaka chai ikampalia.

Thelathini zikaisha. Sare. Penalti.

Eufrazia akanivuta pembeni, ananong'ona. "Dada, nimemwambia. Kanijibu nikigusa huo waya nifungashe nirudi kwetu."

"Na wewe ukasemaje?"

Akatazama birika lake. "Nikasema chai inapoa."

Nikasimama. Nikaangalia kila mpira ukipigwa, kwa sababu mwingine wa kumtegemea sikumwona. Nilikuwa nahesabu pumzi za mume wangu kwa miguu ya watoto wa watu.

Ile ya mwisho ikaingia wavuni. Kenya nje.

Jamani! Mabenchi yalipinduka. Watu wakakumbatiana kama waliofufuka. Jua lilikwishazama zamani.

"Mosi!" Wilfred akamwita utingo wake, mtu mzima anayelijua gari kuliko wenye leseni. "Mpeleke kaka. Mimi timu ya taifa inaingia sasa hivi, siwezi kuacha watu."

Wanaume wakashuka kumbeba Laurenti na kitanda chake, wakampandisha kwa Wilfred, wakampakia. Wamechangamka, bado wanataniana.

"Kaka Laurenti, umekosa uhondo! Jirani katolewa!"

Laurenti akajaribu kutabasamu. Ndivyo alivyokuwa, hakupenda mtu akose jibu.

Nikapanda nyuma, nikaweka kichwa chake mapajani. Wanaume kama kumi wakajipanga nyuma ya gari. Haya, moja, mbili! Wakasukuma. Gari likaushika mteremko, Mosi akaachia klachi, injini ikanguruma.

Nikageuka nyuma niwaage kwa mkono. Nilitaka hata kuwashukuru.

Tivii ilikuwa inawaka.

Nikaitazama mpaka kona ikaificha.

"Mosi, betri iko wapi?"

"Si pale kwenye tivii, mama."

"Sasa gari limewakaje?"

"Hili la dizeli, la kizamani. Ukiwepo mteremko halijui betri. Kwani asubuhi huwa hutuoni tunalisu..."

Hakumalizia. Nadhani na yeye alijisikia anachosema.

Walijua. Wilfred alijua, Mzee Jonathan alijua, yule aliyepaliwa na chai alijua. Hakuna mwanaume pale ambaye hajawahi kuliwekea bega lile gari asubuhi. Mpira ungeendelea, na mume wangu angekwenda. Walitakiwa kuinuka kwenye benchi tu.

Hakuna aliyetaka kukaliwa nafasi yake.

Tuliteremka na taa hafifu, zinapanda na kushuka na injini. Laurenti alisema neno moja tu njia nzima.

"Mwambie Wilfred ahsante kwa gari."

Alitutoka kabla hatujaziona taa za Mzumbe kule chini, mjini bado.

Na sisi tulifungwa usiku ule. Uganda nao wakatolewa kesho yake. Wenyeji wote watatu, chali, hatua moja.

Siku ya maziko, Wilfred alilia kuliko watu wote. Jeneza likapakiwa kwenye Land Rover ile ile kupelekwa kanisani. Akazungusha ufunguo. Kimya. Akashuka anajifuta macho.

"Poleni ndugu zangu, betri imekufa. Tuvumilie kidogo, wameenda kuazima."

Padri yupo. Jumuiya yote ipo, na sare zao.

"Kuazima ya nini?" nikauliza. Sikupaza sauti. "Sukumeni. Hili halijui betri. Ijumaa mlisukuma vizuri sana."

Nikamgeukia shemeji yangu.

"Na wewe Wilfred, kaka yako kakuachia neno. Amesema ahsante kwa gari."

Wilfred akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na suti yake. Watu walinitazama mimi nimwinue, maana ndimi mkubwa. Sikumwinua. Nilipanda nikakaa na jeneza, nikawasubiri wasukume. Wakasukuma.

Mwaka 2027 nchi zile zile tatu zinaandaa tena, safari hii mashindano makubwa kuliko yale. Wanayaita Pamoja. Nasikia Wilfred ameshachonga mabenchi mapya.

Hapa kijijini simsemi kwa mtu. Kila Jumapili, tukifika kutakiana amani, navuka viti mpaka alipo, nampa mkono.

"Amani, shemeji," namwambia. "Gari zima?"

Mkono wake unakuwa wa baridi. Padri amenisihi niache. Nimemwambia Baba, mbona namjulia hali tu?

Ndugu mnaosoma, furahini, mpira ni wenu. Lakini siku mkikusanyika kumwangalia jirani akitolewa, teueni mtu mmoja akae ameipa tivii mgongo, aangalie njia. Mtu anaweza kuwa anakuja mbio, na huyo naye ni jirani.