Maji ya Gari la Mwalimu

Nilitoka Bungoma kwa gari moshi, nikalala Nairobi kwa sababu viatu vilinibana, nikachukua basi hadi Kitui, na kutoka Kitui nikapanda lori lililobeba chumvi. Ilikuwa siku ya tatu ya safari. Nilikaa juu ya magunia, kitambaa puani, nikihesabu mito. Kila tulipovuka mto nilitafuta maji na sikuyaona. Ulikuwa mchanga mtupu, mweupe na mpana kuliko barabara tuliyokuwa tukipita. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu akaniambia maji yapo, yamejificha chini. Nilidhani ananichezea kwa kuwa mimi ni mgeni.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na tangu nimalize kidato cha nne sikuwa nimekaa mahali pamoja mwaka mzima. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Tulia na mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Aliniandikia barua kwamba nije nipumzike wiki mbili, na kwamba Mwalimu angenipokea kwa gari. Neno "gari" alilipigia mistari miwili. Niliyachukua hayo kuwa maringo ya mtu aliyeolewa vizuri.

Lori liliponishusha sokoni, Mwalimu alikuwa hapo, amesimama kwa miguu yake miwili. Alivaa tai, na juu ya tai koti refu la kaki la kufundishia, na mikononi alishika kitu kilichofungwa kitambaa, kwa uangalifu kama aliyebeba yai.

"Karibu, shemeji. Gari liko njiani."

Nilimwuliza ni nani anayeliendesha. Akasema hakuna, linapumzika. Tulitembea mwendo mzuri, sanduku langu begani, mpaka tukalikuta chini ya kilima, boneti wazi, likitoa mvuke polepole. Ndipo akafungua kitambaa na kurudisha kifuniko cha rejeta mahali pake. Alikuwa amekibeba ili mtu asikiibe.

Dada yangu alitupokea mlangoni. "Umepokelewa kwa gari?" akaniuliza.

"Nimepokelewa na kifuniko chake."

Alicheka hadi akaketi kwenye ngazi. Mwalimu akapita katikati yetu bila kugeuka, akaenda kunawa.

Na mimi nikanawa. Nilijaza beseni, nikaosha uso, nikayamwaga maji pale mlangoni kama tulivyozoea nyumbani, ambako mvua haingoji kuitwa kwa barua. Watoto waliokuwa wakicheza wakasimama wote. Jirani aliyekuwa akipita na kiondo chake alisimama pia. Dada yangu, ambaye alizaliwa katika nyumba ileile niliyozaliwa mimi, ile yenye matope mwaka mzima, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jikoni. Mitungi ya plastiki ilikuwa imepangwa kwa mstari. Yenye uzi mwekundu ilikuwa na maji matamu, yaliyochotwa katika shimo lililochimbwa mchangani mle mtoni. Punda aliyeyaleta alitoka alfajiri na kurudi jua likiwa limewaka. Yenye uzi wa buluu ilikuwa na maji ya kisima cha pampu pale sokoni, yenye chumvi hata sabuni iligoma kutoa povu. Mwekundu ni wa chai na kunywa. Buluu ni wa kuosha, wa mbuzi, "na wa yule," akasema, akilionyesha gari kwa kidevu.

Maji niliyomwaga, alinieleza, yangeosha sahani, kisha yangeosha miguu ya watoto, kisha yangeishia kwenye mpapai. Tangu siku hiyo nilipiga mswaki kwa nusu kikombe.

Jumamosi niliona ibada ya gari. Baada ya chai Mwalimu alivaa koti lake la kaki, akatandika gunia chini, na kutoa daftari. Alikuwa na kitabu cha maelekezo kilichokuja na gari, lakini kurasa za katikati zilikwisha siku moja watoto walipokosa karatasi za kuvalisha madaftari yao. Yaliyobaki aliyafuata kama silabasi. Alifungua plagi, akazisugua kwa mswaki mzee na petroli kidogo, akapima mwanya wake kwa wembe. Alipima oili kwa kijiti chake, akakifuta, akapima tena, kwa kuwa jibu la kwanza, alisema, huwa la kukisia. Kichujio cha hewa alikigongagonga kwenye kisiki hadi vumbi la wiki nzima likamrudia usoni. Betri aliiongezea maji ya mvua aliyoyakinga na kuyahifadhi katika chupa ndani ya kabati la nguo. Betri ilikunywa maji ya mvua. Mimi mgeni sikupewa.

Kisha akaliandikia gari ripoti. Nilisoma begani kwake: "Breki: husikia zikisemeshwa. Plagi: zina bidii. Tairi ya akiba: anaweza kufanya vizuri zaidi. Rejeta: ana hasira, lakini atakua."

"Huyo wa mwisho," dada akasema kutoka jikoni, "amekuwa akikua miaka sita."

Nilikuja kujua kilichokuwa nyuma ya utani huo. Mwaka uliotangulia dada alichaguliwa kusimama na bibi harusi kanisani. Gari likachemka katikati ya safari, naye akatembea maili za mwisho mchangani kwa viatu vya visigino, akaingia wakati watu wanatoka. Siku hiyo aliapa: likichemka tena yeye akiwa ndani, litauzwa kwa mwenye kinu cha kusagia unga pale sokoni, aliyekuwa akiitamani injini yake. Na mwenye kinu hakuficha tamaa. Kila alipopita alisimama, akainamisha sikio kwenye boneti kama daktari, akaondoka akitabasamu. Mwalimu alipomwona anakuja, alizima injini hata kama hajamaliza kazi.

Hapo ndipo nilipojitia katika mambo. Niliwahi kufanya kazi Nakuru kwenye kituo cha petroli, miezi minne, nikijaza mafuta na kufuta vioo. Nilipoeleza pale mezani, miezi ikawa miaka, na vioo vikawa injini. Mwalimu aliniangalia kwa furaha ya mtu aliyeletewa mwalimu msaidizi. Jumamosi iliyofuata alinikabidhi spana.

Sikujua mengi, lakini moja nililiona kule Nakuru: mafundi walikuwa wakimwaga maji ya rejeta yote, wakaisafisha ndani, wakaijaza mapya. Nilimwomba Mwalimu tufungue mpira wa chini, ule unaopitisha maji. Akakubali, ila kwanza akaweka sufuria chini yake. Yakatoka maji ya rangi ya uji wa wimbi. Nikiwa bado nayashangaa, alichukua kitambaa cha mfukoni, akayachuja, akayarudisha yote ndani.

Nilimwuliza anafanya hivyo tangu lini. Tangu alinunue, akasema. Yanapopungua huongezea ya uzi wa buluu. Hajawahi kupoteza hata tone. Alisema hivyo kwa fahari, na fahari yake ilikuwa ya haki, kwa maana hakuna mtu wa Tulia ambaye angemwaga maji mazuri kwa kuwa yamebadilika rangi tu. Nilimweleza, polepole kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu, kwamba kutu na chumvi ya miaka sita vilikuwa ndani ya rejeta vimeganda kama ukoko wa ugali. Kitambaa kilichuja takataka kubwa. Ndogo alizirudisha mwenyewe, kila mwezi. Ilihitaji kuoshwa kwa maji matamu mpaka yatoke meupe.

"Mitungi mingapi?" akauliza.

Nikasema minne. Akafunga boneti.

Shida haikuwa kunielewa. Shida ilikuwa kwamba maji yalikuwa ya dada yangu, na zamani alikuwa ametangaza kuwa gari na watoto wake hawatakunywa mtungi mmoja. Mwalimu naye akajibu, mbele ya wageni wa kanisani, kwamba gari lake halina haja. Mume na mke wakaishi na maneno hayo miaka sita.

Kisha barua ikaja kutoka Kikima. Mama yake Mwalimu alikuwa na sherehe ya shukrani, na wote walitakiwa. Kikima iko juu katika milima ya Mbooni, na barabara yake hupanda, ikapinda, ikapanda tena. Dada alisoma barua, akaikunja, akasema huo ndio mtihani wa mwisho wa gari. Mwenye kinu alipata habari kabla ya jioni, akapita kusalimia.

Wiki hiyo Mwalimu alirekebisha kila kitu isipokuwa kilichoharibika. Alikaza mkanda wa feni, akapaka greisi bawaba za milango, akashona kiti cha nyuma. Alinituma kwa dada mara mbili nikamsemee, na mara mbili nikakataa. Nilimwambia fundi hutibu gari, hatibu ndoa. Ijumaa, siku mbili kabla ya safari, alisimama kwenye mlango wa jikoni na daftari lake mkononi. Nilikuwa ndani nikichagua maharagwe, sikupata pa kukimbilia.

"Mama watoto," akasema, "rejeta inahitaji maji ya uzi mwekundu."

"Mingapi?"

"Shemeji anasema minne."

"Sijamwuliza shemeji. Ninakuuliza wewe."

"Minne."

Dada aliendelea kukoroga muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa. "Miaka sita nakungoja useme gari lina kiu. Umeliwekea alama, umelishonea viti, umeliombea kanisani. Kuomba maji tu ndiko kulikokushinda."

"Wewe ulisema gari na watoto hawatakunywa mtungi mmoja."

"Nilisema mtungi mmoja. Kwani tuna mmoja?"

Mwalimu alifungua daftari, akaandika: minne.

"Chukueni," dada akasema. "Mtayarudisha nyinyi wawili, kwa miguu, na punda. Na likichemka, Jumatatu mwenye kinu aje na kamba."

Tuliosha rejeta mchana wote. Tulijaza, tukawasha injini, tukazima, tukasubiri ipoe, tukafungua mpira wa chini. Mtungi wa kwanza ulitoka kama uji, wa pili kama chai ya maziwa, wa tatu kama chai ya rangi. Wa nne haukuwa na rangi yoyote, na Mwalimu akanusa mara mbili kuhakikisha. Hakuna tone lililomwagika ovyo: dada alikusanya yale machafu yote, akakandia udongo, akasiliba ukuta wa jikoni. Ukuta huo ukabaki na wekundu wa kutu upande mmoja. Ila tulisahau jambo. Minne ilikuwa ya kuosha. Ya kujaza hatukuomba. Mwalimu aliponiangalia, dada alikuwa tayari anakuja na wa tano, bila kusemeshwa.

Jumamosi tulikwenda mtoni kulipa. Mwalimu alivaa tai. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya shimo walimpisha kwa heshima, kisha mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kama siku hizi punda ndiye gari. Alijibu kwamba huyu angalau hachemki. Walicheka hadi kata ya kuchotea ikaanguka shimoni, na tukapewa zamu ya kwanza.

Jumapili tuliondoka mapema. Dada alivaa viatu vyake vya visigino, lakini mapajani alipakata akala zake za kutembelea, zile za mpira wa tairi, kamba zikiwa zimelegezwa tayari. Barabara ikaanza kupanda kwenda Kikima. Mwalimu hakuangalia barabara sana. Aliangalia sindano ya joto. Ilipanda hadi nusu, ikasita. Kona ya kwanza, ya pili. Watoto waliacha kuimba bila kukatazwa. Kwenye mpando mrefu wa mwisho sindano ilisogea kidogo, na nikaona mkono wa dada ukishika akala. Kisha tukafika pa tambarare, upepo wa baridi ukaingia dirishani, na sindano ikarudi chini.

Mama mkwe alitoka jikoni, mikono imejaa unga. Hakufurahi hata kidogo.

"Mbona mmekuja mapema hivi? Chakula hakijaiva. Nyinyi huwa mnafika saa tisa."

Dada yangu akashuka kwa visigino vyake na kumpa zile akala amshikie.

Wiki zangu mbili zikawa miezi mitano. Mvua ikanyesha, mto ukajaa maji ya kuonekana kwa macho, na miguu ikaanza kuniwasha kama kawaida yangu. Nilipata habari ya kazi upande wa Voi, nami nikaaga. Baadaye wao walihamia Mbooni, kwa hiyo sikurudi Tulia tena; siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho, ingawa sikujua.

Mwalimu alisisitiza kunifikisha Kitui kwa gari. Tulipopita kwenye kinu, mwenyewe alitoka na kutega sikio. Alitega mpaka tukampita, kisha akainua mkono taratibu, kama anayeaga mgonjwa aliyepona kwa bahati mbaya.

Tulipofika kituo cha basi, Mwalimu alifungua buti kutoa sanduku langu. Kando yake kulikuwa na mtungi ambao sikuwa nimeuona, umefungwa uzi wa kijani. Nilimwuliza ni wa nini.

"Wa gari," akasema. "Dada yako aliufunga. Hakuna anayeruhusiwa kuugusa, hata mimi."

Akaangalia huku, akaangalia kule, akafungua kifuniko, akamimina kikombe kimoja na kunipa. Yalikuwa matamu, na ya baridi. Nilikunywa yote, nikapindua kikombe kumwonyesha kwamba hakuna tone lililobaki.