Mbwa Aliyeijua Sabato Yetu

Shemeji yangu wa Nyamarambe alinipa mbwa akiwa mdogo wa kulala ndani ya kofia yangu. Nilimshukuru Mungu, kwani alishika mafundisho upesi: kaa, njoo, acha. Kisha miguu ikarefuka, sauti ikawa nzito, na masikio yakaziba. Nikimwita, alinitazama kana kwamba hatujawahi kuonana, akaendelea na safari yake kwa jirani.

Jirani huyo ni mjane, tunasali naye kanisa moja, na anaishi kwa mayai anayouza soko la Daraja Mbili. Mbwa alipomuulia kuku, nilimpelekea mtetea wangu na kuomba radhi. Alipoua mwingine, mama alikuja mwenyewe, akakataa kiti.

"Mzee, nakuheshimu. Lakini akigusa tena kuku wangu, huyu ataondoka hapa. Usipomtoa wewe, wanangu watamtoa."

Kumfunga hakukusaidia. Kamba alizitafuna, na mnyororo ulimfanya abweke hadi tukashindwa kuomba. Basi nikaanza upya, kila asubuhi ya siku ya kazi, kabla ya kuchuma chai. Nilimpitisha kando ya kuku wetu, mfukoni nina omena, wale dagaa wa ziwani. Akiwatazama, nasema "acha". Akinigeukia, anapata omena. Siku za wiki alikuwa na akili zake. Jumamosi, siku ya Sabato yetu, anakuwa Mfilisti. Nilichoka naye kiasi cha kumtaja katika maombi, na si kwa upole.

Mke wangu ndiye aliyegundua. Ijumaa jioni tulikuwa tunafungua Sabato kwa wimbo. Mbwa alikuwa amelala kizingitini. Aliposikia ubeti wa kwanza aliinuka, akajinyoosha, akatokomea kwenye migomba.

"Umemwona?" mke wangu akasema. "Anajua umefunga kazi."

"Kumfundisha ni kazi. Wewe unajua hivyo."

"Na ng'ombe, Sabato humkamui?"

"Asipokamuliwa ataumia."

"Na kuku wa yule mama wao hawaumii? Haya, omogaka, mzee wangu, nitafutie aya."

Nimefundisha somo la Sabato tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilitafuta aya kichwani, nikakutana na ile ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani, nayo ilikuwa upande wake.

Asubuhi nilivaa koti la kanisani, nikatia omena mfukoni, nikamwita mbwa. Alikuja akishangaa, kama mtu aliyeamshwa siku ya mapumziko. Tulipofika kwa mjane, alikuwa mlangoni amejifunga kitambaa chake cheupe, na kuku wake wakapita mbele yetu bila haraka yoyote.

"Acha," nikasema.

Mbwa alitetemeka mwili mzima. Udenda ulimtoka. Akawatazama, akanitazama, akaketi, huku akilalamika kwa sauti nyembamba hadi kuku wa mwisho alipoingia migombani.

Mama alikaza fundo la kitambaa chake. "Mzee," akasema, "wiki ijayo mlete tena. Leo simfukuzi."

Nilimpa mbwa omena zote zilizobaki, nikaenda kuongoza somo nikinuka ziwa, na hakuna aliyetaka kuketi karibu nami.