Nyimbo Zisizo na Vichwa

Gitaa likianza kulia popote nilipo, kidole cha shahada cha mkono wangu wa kulia hujikunja chenyewe. Iwe kwenye duka la simu pale Sonatubes, iwe kwa jirani anayefua nguo zake Jumamosi, kidole hujikunja na kungoja, na masikio yangu husikia "tak" ambayo haipo. Ni mlio wa kitufe cha pozi cha redio-kaseti ya marehemu baba, ile nyeusi yenye mpini uliovunjika na kufungwa kwa kipande cha kitambaa cha suruali. Mume wangu ameshazoea. Wageni wakishangaa huwaambia kuwa mkewe ana kidole chenye kumbukumbu kuliko kichwa.

Basi niwaambie ninyi kidole hiki kilisomea wapi. Lakini kwanza nitamke wazi, tusije tukalaumiana mbele ya safari: mimi ni mtu wa muziki, nilikuwa hivyo nikiwa na meno ya utoto, na nitakuwa hivyo mpaka nizikwe. Wako watu Kigali hapa, watu wazima na akili zao timamu, wanaosema nyimbo za miaka ile zisipigwe tena kwa sababu ya redio iliyozipiga. Nawaheshimu, maana najua walikotoka. Ila sikubali ng'o.

Tulikaa Biryogo, mtaa wa Waislamu na mafundi cherehani, mahali ambapo Kiswahili kilitoka dukani kikaingia jikoni na kikalala humohumo. Baba alikuwa fundi, na watu wote walimwita Fundi, hata mama yangu. Chumba cha mbele kilikuwa duka, vya nyuma vilikuwa vyetu. Duka lilinukia chaki, mafuta ya cherehani na pasi ya mkaa, na juu ya kabati la vitambaa ndipo redio ilipokaa kama mgeni rasmi.

Muziki ulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Vijana hawakuja na vipimo, walikuja na jalada la kaseti. Wanamwekea baba mezani picha ya mwanamuziki wa Zaire, amevaa suruali pana mapajani na nyembamba vifundoni, wanasema, "Fundi, mimi niko nataka kama hii." Baba anavaa miwani, anampima yule wa kwenye picha kwa macho, halafu anampima kijana, anaguna. Wengi walitoka mle na suruali ya nyota na miguu ileile waliyozaliwa nayo.

Rafiki yangu alikuwa Diyane, binti wa Mwalimu Esperansi, jirani wa ukuta mmoja. Wao walikwenda kanisani, sisi msikitini, na sote wawili tulikutana kwenye rumba. Wimbo wa rumba, kwa asiyejua, una nyumba mbili. Kwanza mtu analia taratibu juu ya mapenzi, halafu magitaa yanafunguliwa yakimbie, na hapo hata mwenye machozi anacheza. Hayo ndiyo masebene. Diyane alipenda kilio, mimi nilipenda mbio. Tuligombana juu ya jambo hilo kila siku ya Mungu, tukapatana juu ya bendi za Dar es Salaam zenye matarumbeta, na tukaungana kabisa kumcheka dada mmoja wa mtaani aliyejitia dawa nywele zifanane na za mwimbaji, zikamtoka kwa mafungu.

Vita vilikuwa vimeshaanza huko kaskazini. Sisi watoto tulivijua kwa vizuizi vya barabarani na kwa jinsi wakubwa walivyonyamaza tukiingia. Kisha, nikiwa na miaka tisa, ikaja redio mpya. Jina lake sitalitaja, halistahili wino wangu. Lakini ukweli usemwe: ilipiga nyimbo nzuri kuliko redio zote. Ile ya serikali ilisoma hotuba kama mtu anayehesabu mawe. Hii mpya ilipiga rumba asubuhi, mchana na jioni, na watangazaji wake walichekesha, wakaongea kama watu wa mtaani, vijana wakawaiga mpaka vikohozi vyao.

Mimi niliwachukia tangu mwanzo, na sababu yangu ilikuwa ya kitoto: waliongea juu ya wimbo. Gitaa likianza tu, mtu anaanza kubwabwaja, na hanyamazi mpaka mwimbaji afungue mdomo. Sasa mimi na Diyane tulikuwa tunarekodi. Tuliokota kaseti kuukuu, tukaziba vitundu vyake kwa karatasi ya sigara ili zikubali kurekodiwa, na mimi nikasimama juu ya kigoda, kidole kwenye pozi, kitufe cha kusimamisha utepe. Mtangazaji akisema, ninashika. Akinyamaza, tak, naachia. Akirudi kuharibu mwishoni, tak. Katika Biryogo nzima hakuna aliyewakata kama mimi. Nyimbo zangu zote zilikosa vichwa, zilianzia shingoni, lakini hazikuwa na sauti ya mtu asiyeimba.

Siku moja, mchana, nilichelewa. Wimbo uliisha, mtangazaji akaingia na mzaha wake juu ya watu fulani, urefu wao, pua zao, jinsi wanavyojiona, na wenzake wakaangua kicheko studioni. Kidole changu kilikuwa hewani. Diyane, aliyekuwa amekaa chini akichambua vifungo, aliinua uso.

"Zubeda," akaniuliza, "huyu anamsema mama?"

Mwalimu Esperansi alikuwa mrefu, aliinama akiingia dukani kwetu. Cherehani ya baba ilinyamaza. Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Mzaha mzaha hutumbua usaha," akasema, bila kumwangalia mtu. Kisha akaniambia, "Rudisha nyuma. Mfute huyo."

Nilidhani atatukataza redio. Diyane mwenyewe alisema tuache, hataki tena. Baba akakataa, na sura aliyoiweka naiona mpaka leo, ileile aliyomwekea mteja anayemwambia kazi imepinda.

"Tuache kwa nini? Nyimbo ni zao? Wamezitunga wao? Wameziazima tu, kama mtu anavyoazima kanzu akaenda nayo kwenye wizi. Kanzu ina kosa gani? Rekodini. Lakini katika kaseti yangu asibaki hata mmoja wao, hata kikohozi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe, binti yangu, kidole unacho."

Tangu siku hiyo dukani kwetu ilipigwa kaseti tu. Vijana hawakupenda. Mmoja wao, Fostini, aliyevaa suruali pana ya kijivu iliyoshonwa na baba mwenyewe, alikuja siku moja na kusema, "Fundi, weka redio bwana, tusikie habari." Baba akamjibu kuwa kwake kunauzwa nguo na kunapigwa nyimbo, habari zinapatikana barabarani. Wateja wakapungua. Mama alilalamika. Baba akaongeza sauti.

Ya Aprili, mauaji yalipoanza, sitawasimulia yote. Waliokuwepo wanajua, wasiokuwepo wameshaambiwa. Nitasema la kwetu tu. Asubuhi moja Mwalimu Esperansi alimpandisha Diyane ukutani, baba akampokea upande wetu. Mwalimu alimwambia mwanawe, "Ndaje," naja sasa hivi, akarudi ndani kumchukua mdogo wake Diyane. Hakuja.

Nyuma ya kabati la vitambaa palikuwa na nafasi, si pana, ambapo baba alitundika makoti ambayo hayajaisha. Diyane alikaa humo. Mchana kutwa, siku baada ya siku, amesimama au amechutama katikati ya makoti yasiyo na mikono. Na barabarani, pale kwenye kizuizi, ile redio ilinguruma. Ilinguruma nyumba kwa nyumba, kila dirisha, majina ya wanaosakwa na vicheko na rumba, majina na vicheko na rumba.

Na baba yangu akafanya nini? Alifungua dirisha la duka, akaweka kaseti yetu, akafungulia sauti mpaka vioo vikatetemeka. Akafunika redio kwa kitambaa, eti vumbi. Akaketi kushona, ingawa hakuna aliyekuwa akiagiza nguo. Betri zikichoka, mama anazianika juani uani, zinapata nguvu kidogo, zinarudi kazini.

Nilimchukia. Nawaambieni kama ilivyokuwa. Rafiki yangu yuko nyuma ya kabati hajui mama yake yuko wapi, na baba yangu anapiga masebene kama mtu mwenye harusi. Nilimwambia hivyo, nikilia kwa hasira. Nilimwambia yeye ni sawa na wale wa kizuizini. Hakunipiga. Alisema tu, "Geuza upande wa pili."

Fostini akaja. Alisimama mlangoni, na suruali yake ya kijivu ilikuwa na madoa. Mkononi alishika kitu ambacho sikukiangalia. Alikuwa na haraka, lakini alisimama akasikiliza.

"Fundi," akasema, "mbona redio yako haiko inasema? Kila nikipita iko inaimba tu."

Baba hakuinua kichwa. Alikuwa na pini midomoni, akazungumza kupitia pini. "Na wewe kila ukipita ni saa ya wimbo. Pita saa ya habari."

Fostini akacheka kidogo. Hakuondoka. Akaegemea mwimo wa mlango, kama mtu aliyeamua kungoja hiyo saa ya habari. Nami nikasikia wimbo gani ulikuwa unapigwa: wa mwisho wa upande wa kwanza, ule ambao utepe uliishia katikati ya masebene. Punde tu utepe ungekwisha, na kitufe kingeruka juu kwa kishindo, kama kilivyofanya siku zote. Magitaa yalikuwa yameshaanza kukimbia.

"Zubeda," baba akaita, sauti yake ya kila siku, ya kuomba maji. "Zima hiyo. Betri zinakufa, ziache zipumzike."

Nilipanda kigodani. Niliingiza mkono chini ya kitambaa, nikazima. Nilichukia kuzima hapo, mahali ninapopapenda kuliko pote.

"Umeona?" baba akamwambia Fostini. "Hata habari zinataka betri. Kama unazo niletee."

Fostini alisema hana, akaenda zake kwa wenzake. Baba aliendelea kukanyaga cherehani. Baadaye niliona kwamba sindano haikuwa na uzi.

Mimi nilikuwa mtoto wa kwenye kigoda, nilijua betri zimechoka, basi. Ni Diyane, nyuma ya kabati, aliyeelewa siku ileile. Alikuja kuniambia tukiwa wanawake wazima, mimi nina watoto wawili, yeye mmoja. Nyumba iliyonyamaza siku zile iliulizwa kwa nini imenyamaza. Nyumba ya baba haikunyamaza. Ilipiga nyimbo zilezile, kutoka dirishani zilisikika kama redio ileile, na hakuna aliyeingia kuangalia kama tunasikiliza redio ya waasi. Kikohozi cha Diyane kilizama katika matarumbeta. Na kile kishindo cha kitufe kingemwonyesha Fostini kwamba chini ya kitambaa ni kaseti, si redio yao. Baba hakuwahi kunieleza. Alikufa mimi nikidhani alipenda muziki kupita kiasi, na nilikuwa nimeshamsamehe kosa ambalo hakulifanya.

Mwaka jana Diyane alimwoza binti yake, ukumbini Kicukiro. Chakula kilikuwa kimeisha, watu wamelegea. Yule kijana mpiga muziki akaweka wimbo, magitaa mawili yakianza polepole, moja likiuliza na jingine likijibu. Mzuri kabisa, na sikuujua. Nikamwangalia Diyane, naye hakuujua. Kisha mwimbaji akafungua mdomo, na sote wawili tukainuka vitini. Ulikuwa wetu. Wa mwisho, upande wa kwanza. Hatukuwahi kusikia kichwa chake, maana siku zote kulikuwa na mtu aliyebwabwaja juu yake.

Mzee mmoja wa meza ya mbele, mtu aliyepoteza watu wengi, akainua mkono. "Kijana, zima huo," akasema. "Huo tunajua ulipigwa wapi." Kijana akazima haraka, amejawa na aibu asiyoijua sababu yake.

Diyane akaenda mpaka kwenye meza ya yule mzee, na gauni lake refu la mama wa bibi harusi. Akainama, maana naye ni mrefu kama mama yake, akamshika mikono yote miwili kwa heshima.

"Mzee wangu," akasema, "mimi pia najua ulipigwa wapi. Ulipigwa kwa Fundi, Biryogo, mimi niko nyuma ya kabati. Wimbo huu ulinificha. Siwaachii wao."

Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu. Diyane akamgeukia kijana. "Anzisha upya. Kutoka mwanzo kabisa."

Alirudi akakaa karibu nami. Magitaa yakaanza tena, moja likiuliza, jingine likijibu, na kidole changu juu ya kitambaa cha meza kikajikunja, kikangoja. Diyane alikiona. Akakishika, akakinyoosha.

"Acha," akaniambia. "Hakuna anayesema."