Farasi Aliyestaafu

Jumatatu asubuhi, risasi zikiwa bado zinasikika upande wa mtaa wa Lumumba, farasi kilema aliingizwa na mtunzaji wake katika uwanja wa parokia hapa Bunia. Sisi tuliokimbilia humo hatukuwa tumekula tangu jana yake. Bwana mmoja aliinuka na panga.

“Aksanti, muzee! Umetuletea nyama yenye kutembea.”

Mtunzaji alijisogeza mbele ya mguu mbovu wa mnyama wake.

“Hapana, ndugu. Hii ilikuwa inaruka mu mashindano mpaka ikavunjika muguu. Patron mwenye farasi alisema ikule majani tu, mpaka ikufe yenyewe. Iko mu retraite.”

Uwanja mzima ulicheka kusikia farasi amestaafu. Mwalimu mmoja mzee, aliyeacha kazi zamani, hakucheka.

“Miye nilifundisha mpaka nikazeeka,” alisema, “na retraite sijaiona hata siku moja. Wacha basi niione leo.”

Wengi wetu pale tulikuwa na baba au mjomba aliyestaafu na bado anangoja pensheni yake. Mwenye panga aliketi.

Nilipoondoka Jumapili, farasi alikuwa akila majani nyuma ya kanisa, na sisi tulikuwa tukila mihogo.