Nilivyoanza Kununua kwa Bi Mdogo

Kwa mwaka mzima na zaidi sikununua hata kiberiti kwenye duka la mke mwenzangu. Lilikuwa nyumba ya nne kutoka kwangu, upande uleule wa barabara. Kila nilipoishiwa na kitu nilipanda baiskeli, nikalipita, nikakata kona mbili mpaka kwa mzee wa Kihindi aliyekuwa akituuzia tangu mama yangu yu hai. Siku nyingine mafuta yako jikoni, kitunguu kinataka kuungua, nami niko juu ya baiskeli nafuata nyanya ya kopo ambayo ningeipata kwa kutembea hatua thelathini.

Sikuona haya hata kidogo. Mume wangu alikuwa akileta nazi mjini kwa lori kutoka Pangani, na huko ndiko alikompata yule mwanamke. Mie niliambiwa ndoa imeshafungwa, wala sikuulizwa. Haukupita muda akamleta hapa Ngamiani, kwenye barabara yetu, bibi akafungua duka na kuishi chumba cha nyuma yake. Sote tukadhani duka ni la mume. Kumbe bibi mwenyewe alikuwa ameuza minazi aliyorithi kwa baba yake, na mkataba wa pango ulikuwa kwa jina lake mwenyewe. Hayo niliyajua baadaye, kwa kuwa ndiyo yaliyomponza.

Dada yangu ndiye aliyenipangia vita. "Ukinunua hata chumvi pale, umeridhia," aliniambia. Akawapitia wanawake wa mtaa mmoja mmoja, akawaeleza ni uchungu gani nilionao, na wengi wakaacha kwenda. Bi mdogo akabaki na wapita njia wa kununua vocha na maji. Nami, Mungu anisamehe, kila nilipopita mlangoni kwake nilikuwa nikipiga kengele ya baiskeli ilhali mbele yangu hakuna mtu.

Ijumaa moja mume wangu alirudi kutoka msikitini, akakaa kula. Nilikuwa nimepika wali na mchuzi wa samaki, kibua. Alikula mpaka nusu ya sahani, ndipo akasema, "Nimemwacha yule."

"Yule nani?"

"Wa kule dukani. Nimemwandikia jana."

"Umemwandikia wapi?"

Akaigonga simu yake iliyokuwa juu ya meza.

Sitasema uongo: nilifurahi. Nilimwongezea mchuzi bila kuombwa. Lakini aliendelea kusema, na kadiri alivyosema ndivyo furaha ilivyonitoka. Alikuwa na mpwa aliyetaka awe msimamizi wa duka, akamwambia bi mdogo amkabidhi huyo funguo. Bi mdogo akakataa. Mume wangu akaenda kwa mwenye nyumba ili amtoe, mwenye nyumba akamwonyesha mkataba. Ndipo akaandika talaka.

"Sasa sitaki mtu anunue pale," akasema. "Nimewaambia watu msikitini, na jioni nitawaambia wa kijiweni. Mwezi mmoja tu, atafunga mwenyewe arudi kwao Pangani." Kisha akanitazama kwa upole ambao sikuwa nimeuona kwake kwa siku nyingi. "Wewe sina haja ya kukwambia. Wewe umeanza kabla yetu sote."

Nilinyanyuka nikaenda kuosha vyombo. Nilikuwa nasugua kwa nguvu, nikidhani ni furaha, mpaka nilipokwangua sufuria moja muda mrefu kuliko haja ndipo nikajua ni hasira. Kutonunua kwangu kulikuwa wivu wangu. Niliupata kwa haki, niliulipia kwa jua na kwa baiskeli, na nilimwonea nao mwanamke mwenzangu kwa sababu zangu mwenyewe, nzuri au mbaya. Na leo mtu yuleyule aliyenitia wivu anauchukua, anautia mfukoni, na kwenda kuutumia kumnyang'anya mtu duka.

Siku tatu nilikaa nalo. Siku ya nne asubuhi nilikuwa nafagia mbele ya mlango nikamwona bi mdogo kwenye dirisha la duka. Alikuwa kwenye eda, ile miezi ya kungoja baada ya talaka, hatoki. Aliuza akiwa ndani, kwa kunyoosha mkono. Gari la mikate lilikuja. Akamwambia dereva, "Leo usiniachie. Ile ya juzi bado ninayo." Dereva akacheka, akasema kitu sikukisikia, akaondoka. Yeye hakufunga dirisha. Alichukua kitambaa akaanza kufuta rafu ambazo hazikuwa na vumbi.

Niliweka fagio ukutani. Ilikuwa saa nne, saa ambayo kila mwanamke wa mtaa yuko nje, anayechambua mchele na anayeanika nguo. Sikuvizia wala sikupitia nyuma. Nilijifunga kanga nikatembea katikati ya barabara mpaka dirishani.

"Hodi."

Aligeuka. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria. Nilikuwa sijawahi kumtazama usoni kwa ukaribu ule.

"Umekuja kunicheka," akasema.

"Nimekuja kununua sukari. Nusu kilo."

"Kule unakonunua imekwisha?"

"Ipo."

"Basi?"

"Nipimie, bibie. Jua kali."

Alipima. Nilikazia macho mzani kama nisiyemwamini mtu, maana kweli sikumwamini, naye akaona, akaugeuza mzani upande wangu nisome vizuri. Sukari ikazidi kidogo, akapunguza kwa kijiko mpaka ikakaa sawasawa. Hakuniongezea ya kunibembeleza. Hilo nililipenda. Nikaomba na sabuni ya mche na kiberiti. Nilipotoa pesa akarudisha mkono nyuma.

"Chukua tu, dada. Hii ya leo..."

"Sitaki cha bure," nikamwambia. "Na mie si shoga yako. Sikuja kukaa kizingitini tukapiga soga, wala sijasahau. Nimekuja kununua, na kesho nitakuja tena kununua. Anakupa matumizi ya eda?"

Aliangalia mikate ya juzi.

"Hata ya siku moja?"

"Hata ya siku moja."

Nikalipa, nikarudi na mfuko wangu mkononi, polepole, katikati ya barabara. Jirani yangu mmoja aliacha ungo wake akaniuliza, "Bi mkubwa, ni wewe kweli?" Nikamjibu, "Ni mie, na sukari yake nyeupe."

Dada yangu alifika kabla ya adhuhuri. Habari zilikuwa zimemfikia mpaka kwake, barabara ya kumi na mbili. Hakutoa hata salamu.

"Umerogwa?"

"Sijarogwa."

"Mwaka mzima nimegombana na watu kwa ajili yako! Nimewazuia watu kwa ajili yako! Leo Mungu amekulipia kisasi, unakwenda kumpelekea pesa?"

"Kisasi hiki si cha Mungu, ni cha mume wangu. Na mie si mtumishi wake."

"Yule alikuchukulia mume."

"Mume ana miguu yake, alikwenda mwenyewe. Aliyekuja kwangu na maneno matamu miaka ishirini nyuma ndiye aliyekwenda na maneno yale yale Pangani. Mbona yeye hatukuwahi kumgomea? Wali wake nimeupakua kila siku."

Alisonya, akasema nisije nikamlilia, akaondoka. Iliniuma. Dada yangu ndiye aliyenilea mama alipofariki, na tangu utotoni sikuwa nimemjibu vile.

Mume wangu alirudi magharibi. Mfuko niliuacha mezani makusudi, ule mfuko wa karatasi ambao mzee wa Kihindi hana. Aliutazama kabla hajavua viatu.

"Huu umetoka wapi?"

"Dukani."

"Duka gani?"

"La mwanamke uliyemweka eda bila matumizi."

Akabaki amesimama, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Akasema nimemwaibisha, kwamba alipopita kijiweni wamemcheka, kwamba amri yake haifiki hata jikoni kwake. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia kuwa kama hamtaki mke, ni haki yake amwache. Lakini amtakie njaa mwanamke aliye kwenye eda yake, halafu aende kusimama safu ya mbele msikitini, mie katika hilo hanikuti.

"Utaacha kununua pale," akasema.

"Siachi."

"Au nawe nikuandikie?"

Niliwahi kuyaogopa maneno hayo. Kwa miaka mingi niliyaogopa kabla hajayasema, na ndiyo yaliyonifunga mdomo siku aliponiambia ameoa. Nikachukua simu yake aliyokuwa ameiacha kwenye chaji tangu asubuhi, nikaichomoa, nikamwekea mbele yake.

"Andika. Imejaa."

Aliitazama simu. Akanitazama mie. Akavaa kile kiatu alichokivua, akatoka. Alilala kwa mama yake siku nne. Mie nikala, nikalala, nikanunua mchele, nikanunua majani ya chai, yote dirishani pale pale.

Ilibidi nimweleze na mzee wa Kihindi, maana si haki kumhama mtu kimya kimya baada ya miaka yote ile. Nikaenda kwa baiskeli, nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, akauliza mbona siku hizi sionekani, je, sukari yake ina kosa? Nikamwambia haina kosa lolote, nikamsimulia. Alisikiliza huku akifunga pilipili manga kwenye vikaratasi.

"Nenda kanunue kule, mama," akasema. "Duka likikosa watu mwezi mmoja, bidhaa zinaharibika, na mwenye duka naye anaharibika. Mimi nitakuwepo." Kisha akaniuzia mdalasini, kwa kuwa wa kule haukuwa mzuri, nami sikuuficha ukweli huo kwa yeyote.

Mtaa haukunifuata wote. Jirani wa ungo alikuwa wa kwanza. Alikuja nyuma yangu wiki ya pili akinunua unga kama aliyepotea njia. Akafuata mama wa vitumbua, ambaye alisema yeye alikuwa hataki kugoma tangu mwanzo, jambo ambalo ni uongo. Wengine hawakwenda, na baadhi yao walinisema kwa mafumbo kwenye shughuli mpaka nikachoka kujibu. Kabla ya hayo yote, mume wangu akiwa bado kwa mama yake, imamu alimwita wakazungumza faraghani. Waliyosemeshana siyajui, ila kesho yake mkokoteni ulishusha nusu gunia la mchele na dumu la mafuta mlangoni kwa bi mdogo. Siku hiyohiyo mume wangu akarudi nyumbani, akaomba chai. Nikamtilia sukari. Hakuuliza ya wapi.

Dada yangu mpaka leo hanunui pale. Akija kwangu huja na sukari yake ndani ya mkoba, naye hufungua kikaratasi mbele yangu akatia kijiko chake mwenyewe. Namwacha. Ana haki ya kuchagua, na anapendeza akiwa mkaidi. Ukaidi wangu niliupata kwake.

Bi mdogo eda yake ilikwisha siku nyingi. Hatujawa mashoga, na sidhani kama tutakuwa. Kuna siku namtazama anavyocheka na wateja nikahisi kile kidonda bado kibichi, nikachukua vitu vyangu nikaenda zangu bila kuaga. Naye hanilazimishi. Juzi aliniuzia nazi, nilipoivunja nyumbani nikakuta ndani imeanza kuoza. Nikairudisha vipande viwili mkononi.

"Nazi gani hii unauza, na wewe mtu wa Pangani?"

"Kama huzitaki zangu," akasema, "maduka yako mengi."

"Siendi popote. Nibadilishie."

Akachagua nyingine, akaitikisa sikioni, akairudisha, akachagua ya pili yake. Nikamwambia anipe niitikise na mie.