Geuka Kulia kwa Pango

Jonah alichuma chai miaka ishirini na sita, kisha kampuni ikanunua mashine. Mashine haiumwi mgongo, haiombi ruhusa ya mazishi, kwa hiyo ilipata kazi bila hata mahojiano. Jonah akapewa barua ya shukrani na blanketi.

Baadaye bustani ya miti nje kidogo ya mji wa Kericho ikamchukua aongoze familia kwenye njia ya bwawani. Ni mwendo wa dakika arobaini, tambarare, hata nyanya mwenye fimbo anafika. Unafuata maji chini ya mianzi mpaka kwenye bango kubwa la kijani, unageuka kulia, umeingia bustanini. Kupotea hapo kunahitaji bidii. Hata hivyo Jonah aliwekwa kwenye majaribio ya miezi mitatu, na akaonywa: lalamiko moja tu kwenye daftari la wageni, arudi kwao Kapsoit.

Mkuu wa bustani, Bwana Obure, alikuwa na shahada ya utalii, ramani ya ukutani na viatu visivyopenda tope. Kipeperushi cha wageni kilipohitajika, hakutembea njia hiyo. Alimwagiza Maxine, karani mpya kutoka Kisumu, ampigie Jonah simu aandike maelezo.

"Fuata maji mpaka ufike kwa pango," Jonah alisema. "Hapo kwa pango, geuka kulia."

Jonah ni Mkipsigis. Kinywani mwake b na p ni ndugu wawili wenye koti moja, wanalivaa kwa zamu. Maxine aliandika alichosikia, akachapisha nakala elfu moja, za rangi.

Jumamosi Mwalimu Mageto akafika kutoka Chepilat na mkewe Nyamwange, watoto watatu na tochi nne.

"Mzee, huko ndani kuna popo?" mtoto mdogo aliuliza.

"Ndani ya bustani? Wachache."

Wakatembea. Mbega waliruka mitini, bata wakapita na vifaranga wao, na hakuna mtoto aliyegeuza shingo. Macho yao yalikuwa yamewekewa pango. Mwishowe Jonah akasimama mbele ya bango.

"Haya. Tumefika kwa pango."

Watoto wakazunguka nyuma ya bango, wakarudi.

"Liko wapi?"

"Si hii? Hata imeandikwa."

Mageto akatoa kipeperushi, akakisoma kwa sauti, akalitazama bango. Nyamwange ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi.

"Baba Kemunto, umebeba tochi kuja kusoma bango! Saa sita mchana!"

"Pango ni shimo kwenye mwamba, mzee," Mageto alieleza, kwa sauti ya darasa la nne. "Hili ni bango. Bbba."

"Ndiyo, mwalimu," Jonah alisema. "Pango."

Watoto wakapiga picha pale, tochi zikiwaka. Lakini Mageto ni mtu wa kanuni. Waliporudi getini aliandika kwenye daftari: *Tuliahidiwa pango. Hatukuonyeshwa.* Akatia sahihi, akaongeza na namba yake ya ualimu ya TSC, isije ikadhaniwa ni malalamiko ya mtu wa kawaida.

Jumatatu, siku ya mwisho ya majaribio yake, Bwana Obure akamwita Jonah ofisini. Daftari lilikuwa wazi mezani. Pembeni, Maxine alikuwa ameshika kipeperushi kwa mikono miwili na kuinamisha uso. Kosa alikuwa ameshaliona. Yeye pia alikuwa kwenye majaribio.

"Huyu mwalimu anasema hakuonyeshwa pango. Ulimwonyesha ama hukumwonyesha?"

Jonah alimtazama yule msichana.

"Nilimwonyesha, bosi. Mpaka wakapiga picha."

"Picha?"

"Watoto wote watatu. Mbele ya pango."

Obure akageukia ramani. Pango halikuwemo, ila ramani yenyewe ilikuwa ya zamani, na mtu mwenye shahada hawezi kumuuliza mfanyakazi wake kama bustani anayoisimamia ina pango.

"Walimu hawa," alisema hatimaye, "hakuna kitu kinawatosha." Akapiga mstari juu ya lalamiko, akatia sahihi barua ya kumwajiri Jonah, kisha uso wake ukajaa wajibu.

"Lakini usalama, Jonah. Nisisikie mtoto ameingia mle ndani bila helmeti."

"Hakuna mtoto ataingia, bosi," Jonah akasema, na hilo angeweza kuliapia hata kanisani.