Mtori wa Mzazi na Mbwa Wetu Polisi

Kila asubuhi, kitunguu saumu kikianza kunukia kwenye sufuria langu la mtori hapa kibandani kwangu Pasua, nacheka peke yangu mpaka wateja wananiuliza kama nimelala vizuri. Nimelala vizuri sana. Ile harufu tu ndiyo inanipandisha kijijini kwetu Old Moshi, mwaka nilipotaka kumwokoa mama yangu nikakaribia kummaliza.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama alikuwa amejifungua mdogo wetu Neema, msichana wa tatu mfululizo. Kwetu mzazi hagusi jembe wala ndoo. Anakaa ndani miezi mitatu ananenepeshwa, na mpishi ni mama mkwe. Basi Bibi, mama yake baba, alichemsha ndizi mshare na nyama, akaziponda na mwiko mpaka zikalainika, akatia maziwa na kitunguu saumu, mtori ukatoka mweupe. Pembeni kikombe cha maziwa mgando, meupe pia. Kazi yangu ilikuwa moja: kutoa bakuli jiko la nje na kulifikisha kitandani kwa mama.

Siku moja shuleni mwalimu wa Sayansi akaleta somo la vyakula vyeupe. Miaka ile maduka yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya uhaba, kila mtu anataka sembe, dona, unga usiokobolewa, tunaiona chakula cha kuku. Mwalimu akaandika ubaoni: sembe, sukari, mkate mweupe. Akasema hivi vinajaza tumbo tu, mwili hauambulii kitu. Nikamnong'oneza Anjela, mwenzangu wa dawati, kwamba bila shaka mwalimu mwenyewe kalelewa kwa sembe, maana alikuwa mwembamba kama fito. Anjela akapasuka kwa kicheko, nikatolewa nje mimi. Nusu ya pili ya somo ilinikuta bustanini nang'oa magugu.

Nikarudi nyumbani na nusu yangu. Kufika, naona bakuli la mama: jeupe! Kikombe: cheupe! Bibi wa watu hajasoma, anamuua mama bila kujua, na nani atamwambia?

Kati ya jiko na nyumba kulikuwa na migomba, na chini ya mgomba mmoja alikuwa analala mbwa wetu, anaitwa Polisi. Nikammiminia mtori wote na maziwa juu. Kwenye bakuli nikaweka majani ya mnafu yaliyolala tangu jana, karoti mbichi mbili na nyanya. Kijani, njano, nyekundu. Nikajiona daktari wa mkoa.

Mama akaangalia bakuli, akaniangalia mimi.

"Bibi ndiye kanipa hiki?"

"Ndiyo, mama."

Hakuuliza tena. Mke wa mtu hahoji chungu cha mama mkwe. Akala polepole huku anafuta macho na pindo la khanga. Nikajua ni uchungu wa mnafu.

Nikaendelea hivyo siku nne. Neema akawa analia mchana kutwa, ananyonya, anaachia, analia tena. Polisi yeye alikuwa anang'aa kama kapakwa mafuta.

Siku ya tano Bibi akaingia chumbani, mimi nyuma yake.

"Mae!" akashangaa. "Mama Eliza, mtoto analia hivi, kwani huli?"

"Nakula, mama. Nashukuru kwa mnafu."

"Mnafu gani?"

"Huo unaoniletea. Na karoti." Mama akainamisha kichwa. "Najua nimekuletea msichana tena, mama. Sijalalamika."

Na wakati huohuo Polisi akachungulia mlangoni, ndevu zote nyeupe kwa mtori, anajilamba.

"Eliza," Bibi akaniita taratibu, na hiyo ni mbaya kuliko kupigiwa kelele. Nikamwaga yote: mwalimu, ubao, sembe, rangi tatu.

Hakunipiga. Alimpakata Neema, akamweka kifuani kwa mama, tone moja la maziwa likachuruzika shavuni kwa mtoto.

"Hii rangi gani, daktari?"

"Nyeupe, Bibi."

"Haya, mnyang'anye."

Kuanzia hapo bakuli alilileta mwenyewe. Alikuwa anavuta kigoda, anakaa mpaka mama amalize. "Kula, Mama Eliza. Hawa wasichana ndio watanipikia mimi nikizeeka." Hazikupita wiki mbili, Neema akawa na mashavu.

Ile nusu ya somo niliisoma baadaye kwenye daftari la Anjela. Sembe ni mahindi yaliyovuliwa nguo, kiini na maganda vimebaki mashineni. Lakini ndizi, maziwa, kitunguu saumu na uyoga vimezaliwa vyeupe, na vimebeba nguvu zao. Mwalimu hakukosea, nilikosea mimi na mdomo wangu.

Machozi ya mama ndiyo yalinichukua miaka kuyaelewa. Nilikuja kujifungua mwenyewe, na siku moja mtori wa mama mkwe ukachelewa kidogo tu. Nikakaa nasikiliza mlango. Njaa ilikuwa bado haijaniuma, ila nilikuwa nimeshaanza kujiuliza: nimemkosea nini?

Ndiyo maana hapa Pasua, nikisikia kuna mzazi nyumba ya jirani, bakuli lake simpi mtu ampelekee. Nalipeleka mwenyewe, nakaa, nasubiri amalize. Na mbwa sifugi.